Kopo Limejaa, Rejeta Tupu: Kuilinda Injini ya Gari la Zamani Isichemke

ANDIKO LA KIPINDI CHA REDIO
Muda: dakika 22 hivi
Sauti: Mtangazaji, Fundi, Dereva

MAELEZO KWA MTANGAZAJI
Andiko hili ni la redio za jamii zinazosikika Burundi, mashariki ya Kongo na Kigoma. Sauti za fundi na dereva ni za kuigiza, lakini maelezo ya kiufundi ni ya kweli. Yanahusu zaidi Toyota Corolla za petroli za miaka ya 1990, ambazo utazikuta zikifanya kazi ya teksi katika ukanda huu. Ukiweza, mwalike fundi wa mtaani kwako asome nafasi ya fundi, na umwachie aite vifaa kwa majina yanayotumika hapo kwenu. Sehemu ya huduma ya kwanza kwa mtu aliyeungua isikatwe hata kama muda umebana.

[MUZIKI WA KIPINDI: PANDA SEKUNDE 10, KISHA SHUKA CHINI YA SAUTI]

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, popote ulipo, Bujumbura, Uvira, Rumonge, Kigoma, hujambo na karibu. Leo tunaongelea gari. Si lile jipya la kwenye matangazo. Ni lile lililofika kwetu likiwa limeshatumika kwao, likabadilisha wenyewe mara tatu au nne, na bado ndilo linalolipa karo ya watoto, na ndilo linalogongewa dirisha usiku mama wa jirani akishikwa na uchungu. Gari la namna hiyo likifa, nyumba nzima inaingia gizani.

[MUZIKI UNAZIMA. SAUTI: NYUNDO JUU YA CHUMA, WATU WANAITANA, PIKIPIKI INAPITA]

MTANGAZAJI: Niko Buyenzi, hapa Bujumbura. Mwenye gari bovu mjini hahitaji kuelekezwa mtaa huu. Unaingia unasikia Kiswahili na nyundo. Nimekaa kwenye benchi na fundi ambaye mikono yake imeshika injini kwa zaidi ya miaka 30, na pembeni yake yuko dereva mmoja wa teksi. Mzee, shikamoo.

FUNDI: Marahaba, binti yangu. Karibu, ila angalia gauni lako, benchi hilo lina oili.

MTANGAZAJI: Asante, mzee. Tuanze na kaka yetu dereva. Kaka, tuambie ilikuwaje.

DEREVA: Mimi ninaendesha Corolla ya mwaka 1994. Niliinunua kwa pesa za upatu wa mke wangu na deni kwa shemeji. Siku hiyo nilikuwa na abiria wanne, tunakwenda msibani Kayanza. Asubuhi nilifungua boneti kama kawaida yangu. Nikaangalia kopo la maji, lile la plastiki la pembeni. Limejaa. Nikafunga, tukaondoka.

MTANGAZAJI: Mkapanda njia ya Bugarama.

DEREVA: Ndiyo, dada. Unaijua njia ile. Malori yanatambaa, vijana wa baiskeli wamejishikiza nyuma ya malori, huwezi kupita, huwezi kukimbia. Gia ya kwanza, gia ya pili, basi. Nikaona mshale wa joto umevuka katikati. Nikasema nitasimama mbele, penye nafasi. Kabla sijafika, mshale ukashuka. Ukaanguka mpaka chini kabisa, kama gari limelala usiku kucha. Nikafurahi! Nikawaambia abiria, tulieni, limepoa lenyewe.

FUNDI: Hapo ndipo lilipokuwa linakufa.

DEREVA: Haikufika dakika tano, mzee. Injini ikaanza kugonga, ikakosa nguvu, ikazima. Nikashuka, nikafungua boneti, nikachukua kitambaa, nikashika kifuniko cha rejeta nikakizungusha.

[KIMYA, SEKUNDE 2]

DEREVA: Kovu ni hili, kutoka kiwiko mpaka kifuani. Na gari, hedi ilipinda. Lilikaa juu ya matofali miezi mitatu.

MTANGAZAJI: Pole sana, kaka. Mzee, kopo lilikuwa limejaa. Mshale ulikuwa umeshuka. Ilikuwaje injini ife kwa joto?

FUNDI: Hilo ndilo swali, binti yangu, na nusu ya magari yanayokokotwa mpaka hapa yana jibu hilo hilo. Watu wanasema injini hii imezeeka. Mimi nawaambia injini hizi za Corolla ni ngumu, zinazeeka polepole sana. Kinachoziua ni joto. Na joto halianzii barabarani. Linaanza asubuhi, nyumbani, kwenye kitu ambacho mwenye gari hakukiangalia.

Ngoja nieleze maji yanavyotembea. Petroli inaungua ndani ya silinda. Sehemu ndogo ya moto ule inageuka kuwa nguvu ya kusukuma gari, na mwingi unaobaki ni joto la bure tu. Kuna njia za maji ndani ya bloku na ndani ya hedi. Pampu inasukuma maji yazunguke humo yabebe joto, yatoke kwa mpira wa juu, yaingie kwenye rejeta. Pale mbele upepo unapita katikati ya vibati vyembamba, maji yanapoa, yanarudi kwa mpira wa chini. Gari likiwa linakimbia, upepo unatosha. Likisimama au likitambaa nyuma ya lori, upepo haupo. Hapo feni ya umeme lazima izunguke.

MTANGAZAJI: Na kifuniko cha rejeta? Mimi nilidhani ni kama kifuniko cha chupa, kazi yake ni maji yasimwagike.

FUNDI: Wengi wanadhani hivyo, ndiyo maana wanaweka chochote. Nimeona kitambaa. Nimeona gunzi la hindi! Kile kifuniko ni mashine. Ndani kina springi na mpira, na juu mara nyingi kimeandikwa namba, kwa Toyota utakuta 0.9. Maana yake kinayabana maji, yawe na shinikizo. Maji yaliyobanwa hayachemki haraka. Wewe umesoma, maji yanachemka digrii ngapi?

MTANGAZAJI: Digrii 100, mzee.

FUNDI: Hiyo ni pwani, Dar es Salaam au Mombasa. Bujumbura tuko mita 800 hivi juu ya bahari, na Bugarama ni zaidi ya mita 2,000. Unapanda mlima wote huo kwa njia isiyofika kilomita 40. Kule juu maji ya chai yanachemka kwenye digrii 93 hivi. Sasa injini yenyewe, ikiwa nzima kabisa, inafanya kazi kwenye digrii 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Unaona hatari? Bila kifuniko kizuri, Bugarama maji yanachemka wakati injini haina ugonjwa wowote. Kifuniko kizima kinasukuma kuchemka mpaka zaidi ya digrii 110. Hiyo ndiyo akiba yako ya kupandia mlima.

MTANGAZAJI: Na kopo la pembeni?

FUNDI: Kopo ni mkoba wa rejeta. Maji yakipata moto yanavimba. Kifuniko kinaachia kidogo, yanakimbilia kwenye kopo. Usiku injini ikipoa, maji yanasinyaa, na kifuniko kinafungua mlango mdogo wa chini, rejeta inanyonya maji yake kutoka kwenye kopo. Kila siku hivyo, kwenda na kurudi. Sasa ule mlango mdogo ukikwama, au mpira wa kifuniko ukipasuka, au kile kipira chembamba kinachokwenda kwenye kopo kikiwa na ufa, maji yanakwenda lakini hayarudi. Kila siku rejeta inapungua na kopo linajaa. Huyu kijana asubuhi aliangalia mkoba umejaa. Mwenye mkoba alikuwa na njaa.

DEREVA: Na mimi nilikuwa najisifu, mzee, kwamba gari langu halinywi maji.

FUNDI: Ndiyo hivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka msikilizaji alifanye kesho asubuhi ni dogo. Kabla hujawasha gari, injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima, fungua kifuniko cha rejeta chenyewe. Tazama ndani. Maji lazima yafike mdomoni. Yakiwa chini na kopo limejaa, usijaze tu ukaondoka. Umeshajua ugonjwa: ni kifuniko au kile kipira. Geuza kifuniko, tazama mpira wake. Umekakamaa, una mikunjo, una nyufa? Kitupe. Vuta kile kisahani kidogo cha katikati kwa kucha, ukikiachia kirudi chenyewe. Hakirudi? Kitupe. Katika vipuri vyote vya gari, hicho ni kimoja cha bei ndogo kabisa. Ila nunua chenye namba ile ile. Ukiweka chenye namba kubwa ukidhani ni dawa kali zaidi, unapasua mipira na rejeta ya zamani.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Mzee, na ule mshale ulioshuka?

FUNDI: Hilo watu hawalijui na linaua injini nyingi. Kinachopima joto ni kijiti kidogo kimechomekwa kwenye njia ya maji. Kinapima maji, hakipimi chuma. Maji yakiisha, kijiti kinabaki hewani, na kinaweza kusema baridi wakati hedi inaungua. Kwa hiyo mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla ukiwa bado unapanda mlima, hiyo si habari njema. Zima injini hapo hapo. Usitafute penye kivuli.

Na kuna taa nyingine. Kwenye Corolla hizi, mkanda unaozungusha jenereta ya umeme ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, taa nyekundu ya betri inawaka. Dereva anasema, ah, ni betri tu, nitafika. Betri itamfikisha, ni kweli. Lakini pampu imesimama, maji hayatembei. Taa ya betri na joto linapanda, vyote pamoja, hiyo ni mkanda. Simama. Asubuhi ubonyeze kwa dole gumba katikati, ulegee sentimita moja hivi, usizidi sana. Na uutazame upande wa ndani, kwa sababu nyufa zinaanzia huko.

MTANGAZAJI: Turudi barabarani. Joto limepanda, niko mlimani, nina watu ndani. Nifanye nini?

FUNDI: Ukiona mshale umevuka katikati lakini haujafika kwenye nyekundu, zima kiyoyozi kama unacho, fungua hita yote, upande wa moto, na feni yake mpaka mwisho. Mtatokwa jasho, mtanitukana. Lakini hita nayo ni rejeta ndogo, inabeba joto kutoka kwenye injini inalileta ndani kwenu. Inaweza kukuvusha mpaka mahali pa kusimama salama. Ikifika kwenye nyekundu, hakuna hita wala nini. Kando ya barabara, zima, weka jiwe nyuma ya tairi, shusha abiria wakae upande wa mbali na malori.

Halafu fanya kazi ngumu kuliko zote.

MTANGAZAJI: Ipi hiyo?

FUNDI: Kukaa. Dakika 30, bora saa nzima. Fungua boneti upepo uingie, lakini kile kifuniko usikiguse. Nimesema maji yaliyobanwa yanapita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua, umeondoa kibano. Yale maji yote yanataka kuchemka kwa mara moja, na maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi zaidi ya mara 1,500. Yatapita wapi? Yatapita usoni kwako. Hata maji yakiwa yamebaki kidogo, kama ya huyu kijana, mvuke wenyewe unatosha.

DEREVA: Nilishika kitambaa, mzee. Nilidhani kitambaa kinatosha.

FUNDI: Kitambaa kinazuia kifuniko kisikuunguze kiganja. Hakizuii mvuke. Baada ya kusubiri, shika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, uubinye. Ukiwa mgumu kama tairi iliyojazwa, bado. Ukilegea, weka kitambaa kinene, geuza uso, zungusha kifuniko mpaka kituo cha kwanza tu. Acha kipumue mpaka kinyamaze. Ndipo ubonyeze na kukitoa.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, tusimame kidogo hapa, tusiendelee na gari kabla ya mtu. Mtu akiungua kwa maji au mvuke wa rejeta, mtoe kwenye joto, kisha umwagie maji safi ya kawaida pale alipoungua kwa dakika 20. Si barafu. Kama una dumu la maji kwenye buti, hayo ni ya mtu kwanza, injini baadaye. Vua pete, saa na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, mpeleke kituo cha afya, hasa kama ni mtoto, au kama ni uso, mikono, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe.

DEREVA: Mimi walinipaka dawa ya meno. Kule hospitali walianza kwa kuisugua yote itoke. Maumivu yale sitaki kuyakumbuka.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Injini sasa imepoa, mzee. Natia maji.

FUNDI: Polepole! Injini hizi bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Wameoana, lakini mmoja anavimba kuliko mwenzake, na katikati yao kuna gasketi nyembamba inayovumilia ugomvi wao. Ukimwaga maji baridi kwenye hedi yenye moto, inajikunja ghafla, inapinda au inapasuka. Kwa hiyo subiri, halafu tia maji kidogo kidogo. Yakifika karibu na mdomo, washa injini iache iunge taratibu, utaona maji yanashuka hewa ikitoka, ongeza, funga.

Na utafute yalipotokea. Mpira umepasuka? Ukaushe, ufute, uuzungushie utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, uvute kwa nguvu, mizunguko mingi, ufunge kwa waya. Huo utakufikisha nyumbani ukienda taratibu. Dukani kesho yake.

MTANGAZAJI: Watu wanaweka yai. Au pilipili manga.

FUNDI: (ANACHEKA) Nimeitoa mikorogo ya kila aina kwenye rejeta, ilibaki chumvi tu. Yai linaziba tundu, kweli. Ila halina macho. Linaziba tundu, na linaziba vile vimifereji vyembamba vya rejeta, na hita pia. Unatibu jipu kwa kuziba mishipa ya damu.

MTANGAZAJI: Na feni? Nitajuaje kama ni mbovu?

FUNDI: Hiyo unaijua nyumbani. Acha gari liunge limesimama, nje, si ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wa petroli una sumu isiyonuka. Mshale ukifika mahali pake pa kawaida na kupita kidogo, feni iwake, izunguke, izime, kisha iwake tena. Isipowaka, kuna njia moja kwa Toyota nyingi za miaka ile: zima injini, ufunguo urudishe kwenye kuwasha bila kuliwasha gari, halafu chomoa waya wa swichi ya joto ya feni. Feni ikizunguka, basi feni na fyuzi na rilei ni vizima, swichi ndiyo mbovu. Isipozunguka, anza na fyuzi. Ila vidole mbali! Feni ya umeme haikupigii hodi.

MTANGAZAJI: Kuna jambo naona madereva wengi wanalifanya hapa mjini. Gari likichemka, wanatoa themostati wanaitupa.

FUNDI: Binti yangu, hapo umenigusa. Na tatizo ni kwamba mafundi wenzangu ndio wanaowashauri. Themostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu injini ipate joto haraka. Ikifika digrii 82, kwa hizi Corolla namba hiyo mara nyingi imegongwa kwenye themostati yenyewe, mlango unaanza kufunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto kila asubuhi. Injini baridi inakula petroli zaidi, na sisi petroli tunaijua ilivyoadimika hapa, watu wamelala kwenye foleni. Halafu oili haikauki unyevu wake, inakuwa tope. Na baadhi ya injini, ukiitoa, maji yanapita njia ya mkato ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta, joto linazidi pale pale ulipotaka lipungue.

MTANGAZAJI: Lakini kama imekwama imefungwa, si ndiyo inayochemsha gari?

FUNDI: Ndiyo, ikikwama imefungwa inaua. Kwa hiyo ipime, usiihukumu bila kesi. Injini baridi, ukishapunguza maji, fungua ile nyumba yake, bolti mbili au tatu. Chukua sufuria, si ya mama watoto, tafuta kuukuu. Tia maji, funga themostati kwa uzi, ining'inie katikati ya maji isiguse chini. Weka kwenye jiko. Tazama. Maji yanapoanza kutoa moshi na vipovu vidogo, kabla ya kuchemka kwa nguvu, utaona mlango unafunguka taratibu. Toa, iache ipoe, ujifunge. Ikifanya hivyo ni nzima, irudishe, tafuta ugonjwa kwingine. Maji yakichemka na mlango bado umefungwa, hiyo ndiyo yenye hatia. Ukirudisha, weka gasketi mpya, na kile kitundu chenye kijiti kinachotikisika kiwe juu, hewa ipitie hapo. Ni kazi ya asubuhi moja, na kijana wa miaka 15 anaweza kumsaidia baba yake.

DEREVA: Mimi sasa hivi naifanya mwenyewe.

FUNDI: Unaifanya. Nimekuona.

MTANGAZAJI: Na maji yenyewe, mzee? Watu wanachota ziwani.

FUNDI: Tanganyika ni maji mazuri ya samaki. Kwenye rejeta, yana chumvichumvi na madini mengi, yanaacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Mwaka mmoja, miwili, vimifereji vimeziba. Kwenye dharura tia maji yoyote safi, usiache injini ife kwa sababu ya usafi. Lakini nyumbani, kinga maji ya mvua. Mvua ya kwanza ioshe bati, kisha ukinge ya pili. Na ukipata kulanti, changanya na maji hayo nusu kwa nusu, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka.

Ila kulanti nitaisemea neno moja. Ni tamu. Mtoto akiilamba anaipenda, mbuzi anaipenda, mbwa anaipenda. Na ni sumu inayoharibu figo. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda. Ukiimwaga chini, mwagia maji mengi, na ile ya zamani usiiache kwenye beseni uani. Mtu akiinywa, hata kidogo, hata kama anaonekana mzima, hospitali mara moja, na chupa uende nayo.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Mzee, umetufundisha mengi ya kufanya wenyewe. Mwisho wa mikono yetu ni wapi?

FUNDI: Hedi. Ukifika kwenye hedi, njoo Buyenzi, au kwa fundi wako uliko. Lakini kujua kama imefika huko, unaweza mwenyewe. Vuta kijiti cha oili, au fungua kifuniko cha oili. Ukiona oili imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweupe unatoka nyuma hata injini ikishapata joto, na maji yanapungua bila kuonekana yanapotokea. Au hivi: injini baridi, fungua rejeta, jaza mpaka mdomoni, washa. Vipovu vichache mwanzoni ni hewa tu. Vikiendelea kama sufuria ya maharage, huo ni moto wa silinda unapita kwenye gasketi unaingia kwenye maji. Zima kabla halijapata joto. Usiendelee kuliendesha ukisema nitatengeneza mwisho wa mwezi, kwa sababu leo ni gasketi, mwisho wa mwezi ni injini.

MTANGAZAJI: Kwa nini nisibadilishe gasketi mwenyewe? Kuna watu wanajaribu.

FUNDI: Wanajaribu, na wananiletea. Hedi iliyopata moto lazima ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, na ikiwa imepinda ipelekwe kwenye mashine inyooshwe uso. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kama kubandika stempu juu ya ukuta wa matope. Halafu bolti zake zinakazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana inayopima nguvu. Mtu asiyekuwa na spana hiyo anakaza kwa bega lake. Bega halina namba.

Ukija kwa fundi, mwambie akuonyeshe. Simama hapo. Muulize hedi imepimwa? Ilipelekwa mashineni? Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa. Na umweleze vizuri ilivyotokea: ilichemka wapi, mshale ulifanya nini, maji yalipungua kwa muda gani. Huyu kijana aliponiambia kopo lilikuwa limejaa, sikuwa na haja ya kutafuta siku nzima. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kifuniko.

MTANGAZAJI: Kaka, kifuniko kile kiko wapi sasa?

DEREVA: Kiko hapa, dada. Nimekitundika kwenye ufunguo wa nyumba.

[SAUTI: FUNGUO ZINAGONGANA]

MTANGAZAJI: Na kile kipya?

DEREVA: Kile kipya nakifungua kila asubuhi, saa kumi na moja, kabla ya kuwasha. Mke wangu ananishikia tochi. Upatu ulikuwa wake, anasema lazima aone maji kwa macho yake.

FUNDI: Mke huyo ni fundi.

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, tumekuwa Buyenzi na mzee wetu fundi na kaka yetu dereva. Kama gari lako lina ugonjwa wa joto ambao hatukuugusa, tuma ujumbe kwenye namba ya redio unayoisikiliza sasa, useme gari ni la mwaka gani, linachemka tambarare au mlimani, asubuhi au jioni. Kipindi kijacho tutakaa tena kwenye benchi hili lenye oili, tuongelee breki zinazolia wakati wa kushuka kutoka Bugarama. Mzee, asante sana.

FUNDI: Karibu tena, binti yangu. Na gauni, nilikuambia.

[MUZIKI WA KIPINDI: PANDA MPAKA MWISHO]